Ni Dawa Gani Hii Isiyotibu?

Wanaojivunia kuenea kwa Kiswahili duniani hupenda kutoa mfano wa neno 'safari', ambalo limepokewa na lugha nyingi za ulimwengu. Ni nadra kuwasikia wakitaja neno 'dawa'. Ilhali neno hilo nalo limekwenda mbali. Mgeni anayeshukia katika hoteli za ufuo wa Bamburi, akafunua orodha ya vinywaji, aghalabu atalikuta humo, limekaa baina ya majina ya Kiingereza, Kifaransa na Kihispania kana kwamba lilizaliwa pamoja nayo. Akiagiza, haletewi kidonge wala maji ya kikohozi. Huletewa bilauri fupi iliyotiwa vodka, ndimu iliyokatwa vipande, sukari na barafu iliyopondwa, pamoja na kijiti kilichovingirishwa asali. Mnywaji hukitumbukiza kijiti kile, akaponda ndimu na kukoroga, nayo asali ikayeyuka kidogo kidogo kwa kadiri ya mkono wake.

Kinywaji hicho na vingine vya jamii yake, ambavyo kwa jumla huitwa kokteli, havikubakia hotelini. Baa zilipofungwa mwaka wa 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, watu wengi walijifunza kujichanganyia vinywaji sebuleni mwao, na mazoea hayo hayakukoma milango ya baa ilipofunguliwa tena. Katika mitaa iliyo ng'ambo ya pili ya barabara ya Malindi, kuanzia Mtambo hadi Kiembeni na Utange, si ajabu leo kumkuta mwenyeji ana ubao wa kukatia ndimu, mchi mdogo, chujio na chupa kadhaa, akijitahidi kuwaandalia rafiki zake yale ambayo zamani yalikuwa ya watalii peke yao.

Sikusudii kumwalika msomaji yeyote anywe kileo. Wengi wa majirani zetu wa Pwani dini yao imewakataza, na wengi wengine wameamua wenyewe kujiepusha nacho. Uamuzi huo nauheshimu. Mimi ni mwanaisimu, na kazi ya mwanaisimu ni kuuliza neno limetoka wapi, linafanya kazi gani na linamfaa nani. Nikilisaili neno 'dawa' kwa maswali hayo, napata jibu moja la kufurahisha na jingine la kutia wasiwasi. Hoja yangu ni kwamba tumeliachia neno letu likitembeze kileo kana kwamba ni tiba, na papo hapo tumeyaacha maneno mengine mengi ya kuchanganya na kuonja yafifie midomoni mwa vijana wetu. Mambo haya mawili yanaweza kurekebishwa, na mahali pa kuanzia ni darasani.

Tuanze na nasaba. Dawa ya baa huhusishwa na mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka wa 1980. Inafanana mno na caipirinha ya Brazili, ambayo huchanganywa kwa ndimu, sukari, barafu na cachaça, yaani kileo kinachotokana na miwa. Vodka imewekwa mahali pa cachaça, na asali ikaongezwa. Kampuni inayomiliki mkahawa huo huitwa Tamarind, na jina hilo nalo lina kisa chake: latokana na Kiarabu tamr hindi, yaani tende ya Kihindi, nalo ni tunda lile lile ambalo sisi tunaliita ukwaju. Hivyo hata kabla ya mtu kuonja chochote, lugha kadhaa zimekwisha kukutana mezani.

Lakini kabla ya dawa ya baa palikuwa na dawa ya nyumbani. Mtoto akishikwa na mafua, mama au nyanya yake hutwanga tangawizi, akaichemsha, akakamua ndimu, akatia asali, kisha akamwamuru mgonjwa: "Haya, kunywa dawa." Kinywaji hicho hakina kileo hata tone, na siku hizi huuzwa katika mikahawa mingi ya Kenya kwa jina hilo hilo. Tuna basi neno moja linalotaja vinywaji viwili. Wanafunzi wa semantiki huita hali hiyo polisemia, yaani neno moja kubeba maana zaidi ya moja zinazohusiana. Uhusiano wenyewe si mgumu kuuona: ndimu ile ile na asali ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mahali pa tangawizi pameingia vodka, na mahali pa maji moto pameingia barafu. Jina limebakia vile vile, na pamoja na jina imebakia sifa ya kuponya.

Viambato hivyo si vigeni pwani hii. Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko aliyepita huku mwaka wa 1331, aliandika kwamba Mombasa palikuwa na ndizi na malimau, na tunda tamu mno lenye umbo la zeituni, ambalo alilitaja kwa jina la jammun. Wahindi hadi leo hulitumia jina hilo kwa tunda letu la zambarau. Kabla ya hapo, huko Mogadishu, alikirimiwa chakula kilichoandamana na achari ya malimau, tangawizi mbichi na maembe. Vasco da Gama naye alipotia nanga nje ya Mombasa mwezi wa Aprili 1498, mfalme wa mji alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Hebu msomaji ahesabu mwenyewe: tangawizi, ndimu na miwa vilikuwa vimeshazoeleka katika pwani hii zaidi ya karne tano zilizopita. Muuzaji wa maji ya miwa aliye kando ya barabara pale Bamburi, anayepitisha muwa katika mashine yake pamoja na kipande cha ndimu na kidole cha tangawizi, anachanganya vitu vya kale kuliko vya baa yoyote.

Maneno yenyewe yanashuhudia safari hiyo. Sukari na asali tumezipata kutoka Kiarabu. Barafu asili yake ni Kiajemi. Bilauri ni neno la Kiarabu la kioo safi. Mdalasini unarudi hadi kwa Waajemi, waliouita mti wa China. Sharubati limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunywa, na mzizi huo huo ndio ulioipa Ulaya maneno yake ya vinywaji vitamu vya matunda na ya maji mazito ya sukari. Hata kile kinywaji ambacho Waingereza walikipenda tangu karne ya 17 na kukiita punch, wataalamu wengi hulihusisha jina lake na neno la Kihindi lenye maana ya tano, kwa kuwa kilikuwa na viambato vitano: kileo, sukari, ndimu, maji na viungo. Bahari ya Hindi basi ilikuwa imekwisha kuchanganya vinywaji kwa muda mrefu kabla gazeti moja la mji wa Hudson katika jimbo la New York halijaeleza maana ya kokteli, mwezi wa Mei 1806, kuwa ni mchanganyiko wa kileo kikali, sukari, maji na dondoo chungu za mitishamba.

Dondoo hizo chungu ndizo zinazoturudisha kwenye hoja yetu. Wakenya hawakuwa wa kwanza kukipa kileo jina la tiba. Dondoo mashuhuri kuliko zote, ile ya Angostura, ilianza kutengenezwa mwaka wa 1824 huko Venezuela na daktari Mjerumani, Johann Siegert, ili kutibu maradhi ya tumbo. Maji ya toniki ambayo huchanganywa na jini (kile kileo, si pepo) yalikuwa na kwinini, ambayo Waingereza wa India waliinywa kwa ajili ya malaria. Na neno toniki lenyewe lina maana ya dawa ya kutia nguvu. Ndimu iliwahi kuwa dawa halisi ya mabaharia dhidi ya ugonjwa wa kiseyeye, baada ya majaribio ya daktari James Lind mwaka wa 1747 kuonyesha kwamba machungwa na malimau huwaponya. Katika kila mfano, kiambato kimoja kilikuwa na manufaa fulani au kilidhaniwa kuwa nayo, na kileo kikajificha nyuma yake. Baadaye maradhi yalisahauliwa, tiba ikasahauliwa, kileo kikabakia.

Historia hiyo inafafanua mambo, lakini haiyahalalishi. Mwezi wa Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema bayana kwamba hakuna kiwango cha unywaji wa kileo kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Hapa kwetu, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia kileo mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Tumfikirie sasa kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha nne, aliyealikwa katika sherehe ya nyumbani. Chupa ina onyo lililoandikwa kwa herufi ndogo. Lakini kijana haoni chupa, anaona bilauri yenye ndimu na asali, na anasikia mtu mzima akimwambia, "Hii ni dawa tu." Neno hilo amelisikia tangu utotoni kutoka kwa mama yake, na kila mara lilimtakia heri. Utamu wa asali nao unaufunika ukali wa vodka. Jina na ladha vimeshirikiana kumficha ukweli. Mwalimu anayefunza ushawishi katika lugha hatapata mfano ulio wazi kuliko huo.

Kuna na hatari kubwa zaidi, nayo inahusu mipaka ya kuonja. Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni methali tunayoifunza kwa maana yake ya ndani, ile ya mtu kuharibu kazi kwa sababu ya sifa, na tunasahau kwamba maana yake ya nje ni onyo la mnunuzi. Mgema wa methali alitia maji, na mnywaji aliyezoea angeweza kuitambua hila hiyo kwa ulimi. Wafanyabiashara wa zama zetu wametia sumu. Mwezi wa Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Mei 2014 makumi ya wengine walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Februari 2024 msiba wa pombe yenye sumu ulirudi tena, mara hii Kirinyaga. Methanoli hufanana na kileo cha kawaida kwa sura na kwa harufu, wala ulimi hauwezi kuitofautisha. Ikishaingia mwilini hugeuka asidi ambayo huushambulia mshipa wa jicho. Ndiyo maana wanaonusurika mara nyingi hubakia vipofu. Yeyote anayejichanganyia vinywaji nyumbani kwa chupa asiyoijua asili yake ajue kwamba ndimu na asali haziondoi sumu, huificha tu.

Basi nije kwenye ulimi wenyewe, maana hapa ndipo tulipo na hazina. Wataalamu wanataja ladha tano za msingi: utamu, uchungu, chumvi, ukali wa asidi, na ile ya tano ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitambulisha mwaka wa 1908 na kuiita umami, ladha ya mchuzi wa nyama au samaki uliokolea. Ile ramani ya zamani iliyodai kwamba kila ladha ina eneo lake maalumu juu ya ulimi imekwisha kukataliwa. Ladha zote huhisiwa ulimi mzima. Huo ndio msingi wa kisayansi. Juu ya msingi huo kila lugha hujenga nyumba yake, na nyumba ya Kiswahili ina vyumba vingi.

Muulize mwanafunzi wa leo ukwaju una ladha gani, atakujibu kwa neno moja la Kiingereza, na neno hilo hilo atalitumia kwa maziwa lala na kwa embe bichi. Ilhali Kiswahili kinampa zaidi. Kuna ugwadu, ambao ni wa ndimu, ukwaju na embe bichi. Kuna uchachu, ambao ni wa kitu kilichochachuka, kama maziwa yaliyolala au mnazi wa jana. Kuna ukakasi, ambao si ladha hasa bali ni ile hali ya ulimi kukauka na kukwaruza mtu anapouma ndizi mbichi au bibo. Kuna ukali wa tangawizi na wa kileo, na kuna uchungu wa mwarobaini na wa kahawa tungu. Kitu kinachokwaruza koo hukereketa. Kitu kisicho na ladha ni dufu au chapwa. Na kitu ambacho viungo vyake vimefikia kadiri yake, wala havijazidi wala havijapungua, tunasema kimekolea. Mchanganyaji wa vinywaji, awe wa hotelini au wa nyumbani, kazi yake yote ni kutafuta kukolea.

Mnazi unatupa somo zuri la msamiati huo. Ukigemwa alfajiri huwa mtamu. Hamira ya asili iliyomo hewani na vyomboni huanza mara moja kugeuza sukari kuwa kileo, hivi kwamba kufikia jioni mnazi umekuwa mkali. Kesho yake umekuwa mchachu, na ukiachwa siku kadhaa huwa siki ya kutilia kachumbari. Mtamu, mkali, mchachu, siki: mtu aliyezoea anaweza kuonja funda moja akajua saa. Huo ni ujuzi wa kemia uliohifadhiwa katika vivumishi.

Vitenzi vyetu navyo havikosi. Mhudumu wa baa hufunzwa kwamba kinywaji chenye maji ya matunda husukwasukwa ndani ya chombo kilichofungwa, na kile chenye vileo vitupu hukorogwa kwa kijiko, kwa sababu kusukasuka huingiza mapovu ya hewa na kukitia ukungu. Hufunzwa kuponda, kuseta, kutwanga, kukamua na kuchuja. Hayo yote ni vitendo vya jiko la Mswahili, penye kinu na mchi, na kifumbu cha kuchujia tui. Hufunzwa pia kwamba sukari haiyeyuki vyema katika kinywaji baridi, kwa hiyo lazima kwanza ichemshwe na maji mpaka iwe nzito. Kitu hicho hupewa jina la Kiingereza na kufunzwa kama jambo jipya, hali kila mpishi wa kaimati anakijua kwa jina la shira. Daiquiri yenyewe, iliyopewa jina la kijiji kimoja cha Kuba, si chochote ila ramu, ndimu na shira: mililita 60 za ramu, kwa ndimu na shira zinazolingana. Ukiitoa ramu umebakiwa na sharubati ya ndimu.

Halafu kuna kitenzi ambacho nakipenda kuliko vyote: kuzimua. Maana yake ni kupunguza ukali au joto la kitu kwa kukitilia maji. Wanafunzi wengi wa leo hawalijui neno hili, au wanalijua kwa ile maana ya mlevi anayekunywa asubuhi ili aondoe uchovu wa jana. Lakini maana yake ya msingi ndiyo siri ya kokteli. Barafu hupoza kwa kuyeyuka, na ikiyeyuka huingiza maji. Kwa hiyo barafu si pambo la bilauri, ni kiambato kinachozimua. Baridi nayo hupunguza utamu ulimini. Ndiyo maana sharubati ya ukwaju iliyokolea ingali vuguvugu huonekana dufu ikitoka jokofuni, na mpishi mzoefu huizidisha shira kidogo kabla ya kuipoza. Kadhalika chembe ya chumvi hupunguza uchungu na kuuinua utamu. Mafunzo haya hayahitaji kileo. Yanahitaji ukwaju, jagi na mtu wa kuyaeleza.

Ndipo nafikia mapendekezo yangu, nayo ni matatu.

La kwanza ni kwa walimu wa Kiswahili. Mtaala wa umilisi unatutaka tumfunze mwanafunzi kwa kutenda. Basi mpeni mwanafunzi zoezi hili: aende nyumbani, atengeneze kinywaji cha mseto kisicho na kileo kwa ukwaju, mabungo, ndimu, tangawizi au maji ya madafu, aandike vipimo vyake, aandike kila kitenzi alichokitumia, kisha awaonjeshe watu watatu na kuyanakili maneno yao kama walivyoyasema. Awaulize wazee neno la kila ladha. Akirudi darasani atakuwa na insha, msamiati, matini ya maelekezo na utafiti mdogo wa lahaja, maana nyanya wa Kisauni na nyanya wa Kilifi hawatasema mamoja. Zoezi hilo halina gharama kubwa, na linamfanya mwanafunzi amheshimu mzee wake kama mwalimu.

La pili ni kwa vyuo vinavyofunza utalii na hoteli. Kenya imekuwa ikiwafunza vijana kazi hii kwa mpango maalumu tangu Kenya Utalii College ilipoanza katika miaka ya 1970, na wahitimu wake wanasifiwa kote. Mafunzo hayo hutolewa kwa Kiingereza, nami sidai kiondolewe. Lakini Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu chake cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kijana wa Bamburi anayemhudumia mgeni kutoka Nakuru, Dar es Salaam au Kampala anapaswa kuweza kumweleza, kwa Kiswahili fasaha, kwamba kinywaji hiki kina ugwadu wa ukwaju uliozimuliwa kwa maji ya dafu. Mhudumu anayejua kuisifu ladha kwa lugha yake anauza zaidi, na anajiheshimu zaidi. Istilahi za somo moja zingetosha kuanzia.

La tatu ni kwa wenye hoteli na kwa wenyeji wote wanaochanganya vinywaji majumbani. Sitaki neno lolote lipigwe marufuku. Lugha haiongozwi kwa amri. Nataka lisemwe lote. Kile cha tangawizi, ndimu na asali kiitwe dawa, kwa kuwa ndivyo alivyokiita mama. Kile cha baa kiitwe dawa ya vodka. Ni silabi chache tu zilizoongezwa, lakini zinamwambia ukweli mgeni asiyejua Kiswahili, Muislamu aliyeagiza akidhani ni tangawizi, mama mjamzito, dereva, na mtoto wa kidato cha nne. Orodha ya vinywaji ni maandishi ya umma, na maandishi ya umma yasiwe na mtego.

Najua kuna watakaopinga. Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia kokteli mbele ya wanafunzi ni kuwafunza ulevi. La hasha. Wanafunzi wetu wanapita mbele ya baa kila siku wakienda shuleni. Wanachokikosa ni maneno ya kuyapima wanayoyaona. Kunyamaza hakujawahi kumlinda mtoto. Wapo pia watakaosema kwamba biashara ya utalii lugha yake ni Kiingereza, na kwamba kumfunza mhudumu maneno kama ugwadu na ukakasi ni kumpotezea wakati. Hao nawakumbusha kwamba neno lililokipa umaarufu kinywaji cha Kenya katika baa za mbali halikuwa la Kiingereza. Wageni walilipokea bila tafsiri. Kama neno 'dawa' lilifika huko likiwa peke yake na nusu ya ukweli, maneno mengine yanaweza kufika yakiwa na ukweli wote.

Wapo wa tatu, na hao ndio ninaowahofia zaidi kwa kuwa ni wenzangu: wasomi wanaoona kwamba msamiati wa jikoni si jambo la heshima ya chuo kikuu. Tunaandaa makongamano kuhusu istilahi za tarakilishi na za sheria, na ni vyema. Lakini mbele ya macho yetu maneno yaliyokwisha kuwepo, yaliyo kamili, yanakufa kwa kukosa kuitwa. Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka wa 2021 kuwa tarehe 7 Julai, huadhimishwa kwa hotuba na ngoma. Ingefaa pia iadhimishwe kwa majagi ya sharubati mezani, kila moja likiwa na kikaratasi kinacholitaja kwa jina lake, kilichomo ndani yake na ladha yake.

Neno 'dawa' tulilipokea kutoka kwa Waarabu likiwa na maana ya kinachoponya, nasi tukalitunza hivyo kwa karne nyingi. Ni amana. Walimu wenzangu, muhula ujao anzeni na ukwaju na ndimu. Na nyinyi wanafunzi, mkiambiwa na yeyote kwamba bilauri iliyo mbele yenu ni dawa, ulizeni kwanza inatibu nini, kisha ulizeni kilichomo.